Chanjo ya mbwa ni kazi ya kanisa pia

Kila tarehe 28 Septemba dunia hukumbuka mapambano dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi wetu hapa Kongo tunauita raji. Katika makanisa yetu mengi siku hiyo hupita kimya. Tunaombea wagonjwa wa malaria, kipindupindu na Ebola, lakini mbwa wa jirani hatumfikirii mpaka amuume mtoto.

Hali ya Mashariki yatulazimisha kumfikiria. Tangu vita vilipofika Goma Januari 2025, na Bukavu Februari, familia nyingi za Kivu zimekimbia, zimerudi, na nyingine zimekimbia tena. Mama anayetoka nyumbani usiku na mtoto mgongoni hawezi kubeba mbwa. Mnyama aliyeachwa hutafuta chakula kwenye takataka, hupigana na wengine, huumwa na kuuma. Tena, mahali ambapo wezi wenye silaha hupiga milango usiku, mbwa ndiye mlinzi wa maskini, na hakuna atakayekubali kumwacha. Lakini huduma ya wanyama imepungua. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na chanjo ni kitu kinachotaka kukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kwenye sindano.

Ugonjwa usioponywa, lakini unaozuilika

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba raji huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Wanne kati ya kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa, ingawa paka naye aweza kuubeba ugonjwa huu.

Baada ya kuumwa, virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, mara nyingine juma moja tu, mara nyingine hata mwaka. Katika muda huo mtu anaweza kuokolewa. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili. Kisha mgonjwa aende hospitali siku ileile apewe chanjo, na serumu ikiwa kidonda kimeingia ndani. Lakini dalili zikishaanza, kama kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona.

Hapa sisi watumishi wa Mungu tujichunguze. Mtoto aliyeumwa miezi miwili iliyopita anaanza kupiga kelele na kukataa maji. Familia imekwisha kusahau mbwa yule. Wanasema ni pepo, wanamleta kwenye chumba cha maombi. Tumwombee, ndiyo, na familia yake tusiiache. Lakini saa ya kumwokoa ilikuwa siku ile ya kuumwa, pengine alipowekewa jiwe jeusi au majani akaambiwa atapona. Mchungaji anayesema siku hiyo, "Twende hospitali sasa hivi, tutaomba njiani," amefanya kazi ya uchungaji.

Kuua mbwa si dawa

Raji inapotokea, viongozi wa mtaa mara nyingi huagiza mbwa wapigwe risasi au wapewe sumu. Watu huona kwamba kitu kimefanyika. Lakini nafasi ya mbwa waliokufa hujazwa upesi na watoto wa mbwa na wageni wasiochanjwa. Na katika kuua ovyo, wanauawa pia wale waliokwisha kuchanjwa, ambao ndio ukuta wetu.

Kinachofaulu ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya 100, na kurudia. Kwa kuwa mbwa wa vijijini hawaishi miaka mingi, ukuta huo hubomoka haraka tusipourudia kila mwaka. Ndugu zetu wa kisiwa cha Pemba, Tanzania, walijifunza hivyo. Walichanja mbwa, na mwaka 2014 ugonjwa ukaisha kisiwani. Chanjo zikalegea, na baada ya miaka miwili ukarudi. Wakachanja tena kwa bidii, na mwaka 2018 ukaondoka mara ya pili.

Hesabu ya fedha nayo iko wazi. Tiba ya mtu mmoja aliyeumwa, pamoja na safari na siku za kazi zinazopotea, hukadiriwa kufika wastani wa dola 108. Familia ya mkulima itazitoa wapi? Kumchanja mbwa mmoja ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Tulicho nacho mikononi

Kuna atakayesema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tuendelee kuidai. Lakini katika nchi hii jumuiya za Kanisa la Kristo Kongo zinasimamia shule, hospitali na vituo vya afya hata mahali ambapo ofisi ya mifugo haipo. Vituo vyenye friji ya chanjo za watoto vinaweza kukubaliana na veterineri wa jimbo juu ya siku moja ya kuchanja mbwa na paka. Uwanja wa kanisa upo. Tangazo la Jumapili hufika kila nyumba. Walimu wanaweza kuwafundisha watoto wasimchokoze mbwa anayekula au anayenyonyesha, na wasifiche kidonda kwa kuogopa kupigwa. Na mbwa aliyeuma, akiweza kufungwa salama, aangaliwe siku kumi: akibaki mzima, hakuwa na raji alipouma. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo aanze tiba.

Siku hiyohiyo wanyama wapewe dawa ya minyoo, maana watoto wanacheza nao kwenye udongo mmoja.

Mithali 12:10 hutufundisha kwamba mwenye haki huangalia maisha ya mnyama wake. Kutoka 21 inaongeza neno zito: mwenye ng'ombe mkali aliyekwisha kuonywa, asipomfunga, damu ya aliyeuawa iko juu yake. Sheria ile ilisema juu ya ng'ombe, lakini anayefuga mbwa ailewe vilevile. Sisi tumekwisha kuonywa. Mbwa amelala mlangoni petu akitulinda. Nasi tumlinde, ili mtoto anayepita mbele ya mlango huo afike shuleni na kurudi.