Dawa ya sumu ya nyoka isiende zahanati bila adrenalini

Dawa pekee inayoweza kuikamata sumu ya nyoka ikiwa imeshaingia mwilini hutoka kwenye damu ya mnyama, mara nyingi farasi. Farasi hudungwa sumu kidogo sana isiyoweza kumdhuru, kisha kipimo huongezwa taratibu kwa miezi. Mwili wake huitambua ile sumu na kuanza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kwenye damu ambazo kila moja hushika kitu kimoja mahususi kilichotoka nje. Damu hutolewa, sehemu yake ya majimaji hutengwa, na zile kingamwili husafishwa na kutiwa kwenye vichupa. Mkulima wa Kitui aliyeng'atwa na kifutu akipalilia, au mchungaji wa Baringo aliyekanyaga swila usiku, huokolewa na kinga iliyojengwa ndani ya mwili wa farasi wa nchi nyingine.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo mijadala ya nyoka huliruka. Kingamwili za farasi ni protini za farasi. Binadamu anapotundikiwa dripu yenye protini hizo, mwili wake unaweza kuja juu kwa nguvu kuliko sumu yenyewe: ngozi ikavimba na kuwasha, koo likabana, shinikizo la damu likaporomoka. Wahudumu wa afya wanalijua hilo. Ndiyo maana wengine huiacha dawa kabatini na kumwandikia mgonjwa rufaa, na wengine hutoa kichupa kimoja pale panapohitajika vitano. Viongozi wanaodai dawa ya nyoka ifike kila kituo cha vijijini wana haki kabisa. Lakini wanaodai hivyo bila kudai adrenalini, dawa ya kuzima athari hizo, na mafunzo ya kuitumia wanadai nusu ya tiba, na nusu hiyo inaweza kuua.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 hung'atwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wanaobaki na ulemavu, pamoja na waliokatwa viungo, ni takriban mara tatu ya waliokufa. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Wengi wa wanaong'atwa ni watu wa jembe na mifugo, na watoto wanaolala chini.

Ili kuelewa kwa nini dawa hiyo huokoa na kutisha kwa pamoja, inafaa kurudi Berlin mwaka 1890. Emil Behring na mwenzake kutoka Japani, Kitasato Shibasaburo, waliwazoesha wanyama sumu ya vijidudu vya pepopunda, wakachukua majimaji ya damu yao na kuwadunga wanyama wengine. Wanyama hao wa pili, ambao hawakuwahi kuzoeshwa chochote, walikingika. Kinga iliyojengwa na mnyama mmoja ilikuwa imehamishiwa kwa mwingine kwa bomba la sindano. Behring alipata Tuzo ya Nobel ya kwanza ya tiba mwaka 1901. Kitasato hakupewa, na hiyo inabaki kuwa dhuluma katika historia ya sayansi. Kwa njia hiyohiyo dondakoo, lililokuwa likiwanyonga watoto wa Ulaya, likapata tiba.

Mfaransa Albert Calmette, aliyekuwa ameanzisha taasisi ya Pasteur mjini Saigon, alitumia njia hiyohiyo dhidi ya sumu ya swila katika miaka ya 1890. Alifaulu, kisha akakosea: aliamini kwamba seramu yake, yaani yale majimaji ya damu yenye kingamwili, ingefaa kwa nyoka wote. Daktari wa Brazil, Vital Brazil, alionyesha kuwa seramu ya swila wa Asia haikuwa na msaada kwa mtu aliyeng'atwa na nyoka wa Amerika Kusini. Kingamwili hushika umbo inalolijua, basi. Sumu yenye umbo jingine huipita.

Somo hilo la zaidi ya miaka 100 bado linasahauliwa kwenye zabuni za serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hospitali za katikati mwa Ghana zilibadilisha dawa iliyozoeleka na kuleta nyingine kutoka India, ambayo huenda ilitengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia. Vifo vya wagonjwa wa nyoka vikapanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Kisha mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique, mojawapo ya dawa bora kwa nyoka wa Afrika, na akiba ya mwisho ikapitwa na wakati mwaka 2016. Bei ya chini kwenye karatasi ya zabuni haimsaidii mtu ambaye misuli yake ya kupumua inalemazwa na sumu ya koboko. Kazi ya shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu na ya kituo cha utafiti wa sumu ya nyoka katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani, Karen, Nairobi, ina thamani kubwa kwa sababu hiyo: inahusu sumu za nyoka waliopo hapa, na dawa lazima ipimwe dhidi ya hao.

Tuje kwenye hatari yenyewe. Mwaka 1901 Charles Richet na Paul Portier walisafiri baharini kwa meli ya Mwanamfalme Albert I wa Monaco wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini jamii ya konyeza. Waliporudi Ufaransa waliendelea na sumu ya anemoni za baharini, wakiwadunga mbwa kwa matumaini kwamba kipimo cha kwanza kingewakinga na cha pili. Ilikuwa kinyume. Mbwa mmoja aliyeitwa Neptune, aliyekuwa amepona kabisa baada ya kipimo cha kwanza, alidungwa tena majuma kadhaa baadaye. Kipimo kilikuwa kidogo, lakini alianza kuhema mara moja na akafa ndani ya nusu saa. Richet aliuita mshtuko huo anafilaksia, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel.

Maelezo kamili yalisubiri hadi miaka ya 1966 na 1967, wakati Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na Johansson na Bennich huko Sweden, walipotambua kingamwili za aina ya E. Hizi hujibandika kwenye seli fulani zilizotapakaa chini ya ngozi, kwenye njia ya hewa na tumboni. Kitu kilekile kikirudi, seli hizo hufunguka na kumwaga histamini na kemikali nyingine. Mishipa ya damu hulegea na kuvuja, mirija ya hewa hubana. Ndiyo njia ambayo karanga, mwiba wa nyuki au sindano ya penisilini inaweza kumwangusha mtu aliyekuwa mzima dakika chache kabla. Hakuna jicho baya wala mkono wa mtu katika tukio hilo.

Dawa ya nyoka ina ugumu wa ziada. Athari zake nyingi za haraka hazipiti kabisa kwenye kingamwili za aina ya E. Protini za farasi huweza kuwasha moja kwa moja mifumo mingine ya kinga, hata kwa mtu ambaye hajawahi kudungwa kitu cha farasi maishani. Kwa hiyo ile desturi ya kudunga tone dogo chini ya ngozi na kusubiri kuona kama patavimba haina maana. Haitabiri ni nani atakayepata mshtuko, inapoteza muda ambao sumu inautumia kuozesha nyama, na inaweza kumnyima mgonjwa dawa aliyoihitaji. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kipimo hicho kisitumike. Vituo vinavyoendelea nacho viache.

Kinachosaidia kinajulikana. Nchini Sri Lanka, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusisha wagonjwa 1,007 wa kung'atwa na nyoka. Waliodungwa adrenalini kidogo kabla ya dripu ya dawa walipata athari kali pungufu kwa asilimia 43 katika saa ya kwanza. Haidrokotisoni na promethazini, ambazo wahudumu wengi huzikimbilia, hazikuonyesha faida hiyo. Na mshtuko ukishatokea, adrenalini ndiyo ya kwanza: dripu husimamishwa, mtu mzima hudungwa nusu miligramu kwenye msuli wa paja upande wa nje, na hali ikitulia dripu huendelea polepole. Dawa hii hukaza mishipa iliyolegea, hufungua njia ya hewa na huzuia zile seli kuendelea kumwaga kemikali. Ni ya bei nafuu ukilinganisha na kichupa kimoja cha dawa ya nyoka. Haihitaji jokofu; hutaka tu kukingwa na mwanga na joto kali. Hakuna sababu ya kiuchumi wala ya usafiri ya kuikosa kwenye zahanati yoyote inayodunga sindano, iwe ya nyoka, ya chanjo au ya penisilini.

Kuna pia hatari ya pili, inayokuja baadaye na kusahaulika zaidi. Mwaka 1905 Clemens von Pirquet na Béla Schick wa Vienna walieleza ugonjwa uliowapata watoto waliopewa seramu ya farasi: siku kadhaa baada ya kupona, homa, vipele, maumivu ya viungo na matezi kuvimba. Mtoto alikuwa ametengeneza kingamwili zake dhidi ya zile za farasi, na mbili hizo zikashikana katika vifundo vilivyokwama kwenye mishipa midogo na viungo. Hali hii huwapata hata leo baadhi ya waliotibiwa sumu ya nyoka, kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya kumi na nne. Hutibika kwa dawa za kawaida. Lakini familia ambayo haikuambiwa hufikiri sumu imeamka tena, au kwamba nyoka yule alitumwa na aliyemtuma hajaridhika. Safari ya kwenda kwa mganga huanzia hapo, na fedha za mbuzi wa mwisho huishia hapo.

Mbali na mshtuko wa dakika chache na homa ya siku kadhaa baadaye, kinga ina mkono mwingine wenye ratiba yake, usiopita kwenye kingamwili. Calmette huyohuyo, pamoja na Camille Guérin, alitumia miaka 13 kuidhoofisha bakteria ya kifua kikuu cha ng'ombe hadi ikawa chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa mtoto wa kwanza mwaka 1921. Seramu haikuweza kukiponya kifua kikuu, kwani vijidudu vyake hujificha ndani ya seli ambako kingamwili hazifiki. Kinachovidhibiti ni seli nyeupe zenyewe, zikitambuana na kuitana. Mwaka 1945 Merrill Chase alithibitisha jambo hilo kwa simbilisi: mwitikio wa ngozi kwa kipimo cha kifua kikuu ulihamishwa kutoka mnyama hadi mnyama kwa seli, si kwa seramu. Uvimbe huo wa ngozi huja taratibu, ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi baada ya siku mbili au tatu. Kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye seli zake nyeupe za CD4 zimepungua sana, huenda usitokee kabisa hata kama kifua kikuu kipo. Dakika, juma, siku mbili: muuguzi anayejua ratiba hizo tatu anaweza kutofautisha kinachoua sasa hivi na kinachoweza kungoja.

Usukumani nchini Tanzania, chama cha wacheza nyoka cha Bayeye kimekuwa kikiwachanja wanachama wake lukago, mchanganyiko wa dawa wenye sumu ya nyoka ndani yake. Wazo lake linafanana na la Behring, na maarifa yao kuhusu tabia za nyoka yanastahili heshima. Lakini chale haipimi kipimo, na watu wanaogusana na sumu mara kwa mara wanaweza kujenga mzio nayo badala ya kinga. Bayeye wangefaa sana kama walimu wa kijiji juu ya kumtambua nyoka, kutofunga kamba, kutochanja jeraha na kumkimbiza mgonjwa kituoni.

Wizara za afya za kanda hii zinaweza kuanza na agizo jepesi: kichupa cha dawa ya nyoka kisitoke bohari ya dawa bila ampuli za adrenalini ndani ya boksi hilohilo, na kisipokelewe na kituo ambacho hakuna aliyefunzwa kuzitumia. Kadi ya kliniki iwe na mstari wa mzio unaojazwa kwa wino, kwa sababu mgonjwa hubadilisha kituo na muuguzi hubadilishwa zamu. Na karatasi anayopewa aliyeng'atwa na nyoka siku ya kuruhusiwa iseme kwa Kiswahili cha kawaida kwamba akipata homa, vipele au maumivu ya viungo ndani ya majuma mawili, arudi palepale alipotibiwa, na aje na karatasi hiyo.