Staring Anaanguka, Kila Mtu Anacheka. Mbogi Inabaki na Nini?

Kama unakaa Membley, hii picha unaijua. Jumamosi asubuhi, msee amevaa wigi na dera, anakimbizwa na jogoo nje ya geti. Mmoja ameshika simu, mwingine ndiye "mwenye jogoo", na wa nne amebeba kiti cha plastiki ambacho lazima kivunjike. Wiki ikiisha video imefika kila grupu ya WhatsApp, na jina linalotajwa ni moja tu: la yule wa wigi.

Wakenya tunapenda komedi hivyo. Tunataka staring wa fujo, anayetoa macho, anayeanguka mpaka unamhurumia. Mzee Ojwang, yaani Benson Wanjau, alitubamba miaka mingi kwa Vitimbi pale KBC. Charles Bukeko akaja na Papa Shirandula, soja anayemficha bibi yake kazi anayofanya. Na ukipanda 237 hapo Thika Road hadi Juja, JKUAT ndiko alikoanzia Crazy Kennar, jamaa wa kubadilisha sura na sauti mpaka unasahau ni mtu mmoja.

Lakini cheki vizuri. Kuanguka peke yake hakuchekeshi. Ojwang alichekesha kwa sababu Mama Kayai alikuwa hapo, amekasirika kweli kweli. Papa bila Wilbroda wa kumwogopa ni mzee tu anayekimbia. Staring anabeba jina, ila mbogi ndiyo inabeba kicheko.

Bukeko alituacha Julai 18, 2020, na kipindi kikaisha naye. Lakini Awinja, Njoro, Otoyo na Wilbroda bado unawajua kwa majina, si ndio? Kila mmoja alikuwa na sura yake na vituko vyake, kwa hivyo walipotoka pale walitoka na kitu mkononi.

Sasa linganisha na enzi ya simu. Mwaka wa 2022 mbogi ya Crazy Kennar iligawanyika, wakina Stanley Omondi na Cartoon Comedian wakaenda kujisimamia. Hapa hatusemi nani alimkosea nani, hayo ni yao. Lakini mafans walishtuka, na hiyo ikaonyesha kitu kimoja: chaneli huwa na jina moja, na doo ya YouTube huingia kwa akaunti moja. Ukihama, video ulizofanya zinabaki hapo, na zinaendelea kuhesabu watazamaji bila wewe.

Sheria nayo haikusaidii vile unafikiria. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mwenye filamu kwanza ni yule aliyepanga mipango ya kuitengeneza. Si aliyeanguka vizuri zaidi, wala aliyetoa wazo mkiwa kwa kibanda cha smokie. Na mtu akitaka kukuhamishia hiyo haki, lazima iandikwe na isainiwe. Ile "tutaelewana tu, buda" haina uzito mkifika mbele ya hakimu.

Kwa hivyo kabla mjazwe na hype, kaeni chini na karatasi moja. Andikeni chaneli ni ya nani, pesa ya matangazo inagawanywa aje, na mtu akitoka anaenda na nini. Fanyeni hivyo mkiwa bado mna watazamaji mia mbili na hakuna ganji ya kupigania. Ikishaingia, kila mtu atakumbuka hadithi yake.

Na kama wewe ndiye staring, usiogope kumpa mwenye kiti mistari yake. Papa alifanya hivyo, na hakuna mtu alimsahau.

Wewe uko kwa mbogi ya skiti? Mna karatasi, ama mnaendea tu "tutaelewana"?