VOCHA ZA MBOLEA: VIGOGO WAMEKULA, NASI TUMESAINI!

Ndugu msomaji, tuulizane bila kuoneana haya. Dukani pana bei mbili, moja ya mkulima mdogo, nyingine ya mwenye uwezo. Wewe uwezo unao. Utalipa ipi?

Hapa Kighare, kama kwingineko wilayani Mwanga, swali hili tulishalijibu kwa vitendo. Msimu wa 2008/09 Serikali ilileta vocha za pembejeo. Utaratibu ulieleweka hata kwa asiyesoma. Mwenye kulima mahindi au mpunga eneo lisilozidi hekta moja apewe vocha, alipe kama nusu ya bei ya mbolea na mbegu, nusu nyingine ibebwe na Serikali. Kaya zinazoongozwa na wanawake zitangulizwe. Majina yapitie kamati ya vocha ya kijiji.

Majina gani yakapita? Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walichunguza mkoa wetu huu wa Kilimanjaro, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Walikuta kama asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliishia kwa viongozi wa vijiji wa kuchaguliwa! Na vijiji vya mbali ndivyo vilivyoumia zaidi. Sisi wa milimani tunajua maana ya mbali.

Najua unapiga makofi: "Hao ndio zao!" Ngoja kwanza. Wapo wakulima waliosaini mbele ya wakala kwamba wamechukua mbolea, kumbe wamechukua elfu chache wakaenda zao. Wakala akadai malipo kamili. Hapo kigogo ni nani?

Mwaka 2022 ruzuku ikarudi kwa sura nyingine. Mkulima anajiandikisha kijijini, anataja ekari zake, anapewa namba ya kununulia. Mfuko wa urea wa kilo 50 ukawa kama Sh. 70,000, wakati bila ruzuku ulikuwa umevuka laki moja. Nilimsindikiza mama kujiandikisha. Shamba letu ni ekari moja na kipande. Mtu nyuma yetu kwenye foleni akanong'ona: "Semeni nne, nani atapanda huko kupima?" Mama akasema moja na nusu. Mimi, nakiri, nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme nne. Cheti changu cha kidato cha nne kisingenizuia.

Tunajidanganya kwamba ni mali ya Serikali, haina mwenyewe. Mbona kwenye ndiva hatusemi hivyo? Anayefungulia maji usiku katika zamu ya mwenzake haambiwi ameiibia ndiva. Anaambiwa amemwibia fulani, tena kwa jina, na faini analipa. Vocha nazo zilikuja kwa idadi. Jina la uongo likiingia, la kweli linatoka, na mwenye jina lile ni mjane wa ng'ambo ya bonde ambaye mahindi yake yamesimama ya manjano, hayafiki kiunoni.

Tunataka orodha ya majina na ekari ibandikwe ofisi ya kijiji na isomwe kwenye mkutano mkuu kabla mfuko wa kwanza haujatoka ghalani. Na akisomwa mwanachama wetu mwenye ekari hewa, asimame hapo hapo atuonyeshe ziko upande gani wa mlima.