Deni la Mabwana, Haki ya Wanachama

Chama cha mpira huzaliwa mara moja, lakini huweza kuuzwa mara nyingi. Esporte Clube Bahia, chama cha mji wa Salvador katika kaskazini-mashariki ya Brazil, kilizaliwa tarehe 1 Januari 1931. Mwaka 1998 kilitiwa katika ubia na benki. Mwaka 2022 wanachama wake walikubali kuuza sehemu tisini katika kila mia ya timu yao kwa City Football Group, kampuni inayomiliki Manchester City ya Uingereza, na ambayo hisa zake nyingi ni mali ya tajiri wa Abu Dhabi. Wako wasemao kuwa hapo ndipo mambo ya chama hiki yalipoanza kunyoka. Usemi huo ni wa haraka, na historia yenyewe inaukana.

Waanzilishi wa Bahia walitoka katika vyama viwili vya watu wenye nafasi, Associação Atlética da Bahia na Clube Bahiano de Tênis, vilivyoamua kuacha mpira. Wachezaji walioachwa bila timu walijiundia ya kwao, na katika mwaka ule ule wa kwanza wakawa mabingwa wa jimbo. Miaka 28 baadaye timu yao ilifika fainali ya mashindano ya kwanza ya Kombe la Brazil, yaani Taça Brasil ya mwaka 1959, ikakabiliana na Santos, timu ya Pelé. Ilishinda 3 kwa 2 huko huko kwa Santos, ikashindwa 2 kwa 0 nyumbani, na tarehe 29 Machi 1960 katika kiwanja cha Maracanã, Rio de Janeiro, ikashinda 3 kwa 1. Kwa ushindi huo Bahia kilikuwa chama cha kwanza cha Brazil kucheza katika mashindano ya Amerika ya Kusini yaitwayo Libertadores, mwaka 1960. Shirikisho la mpira la nchi lilichelewa hadi mwaka 2010 kuutambua ushindi wa 1959 kuwa ubingwa wa taifa. Ubingwa wa pili ulikuwa wa msimu wa 1988, uliokwisha Februari 1989 baada ya Internacional ya Porto Alegre kushindwa. Katika mara zote mbili hapakuwa na mnunuzi wa ng'ambo, wala aliyedai kuwa watu wa Salvador hawawezi kushinda mpaka wauzwe.

Kilichokiangusha chama hiki si wingi wa wenyewe, bali uchache wa waliokitawala. Kwa miaka mingi mwanachama alilipa ada na kushangilia, lakini rais alichaguliwa na baraza la watu wachache. Baba alikuwa rais, na baada ya miaka michache mwanawe naye akawa rais, kana kwamba timu ni shamba la urithi. Chini ya utawala wa namna hiyo ndipo ulipoletwa ubia wa mwaka 1998 na benki ya Opportunity. Wakati ule pia ilisemwa kuwa fedha za wataalamu zitaleta heri. Mwaka 2003 timu iliteremka daraja la pili. Mwaka 2005 iliteremka la tatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza ya kukabidhi timu kwa wenye mali, na wanaoisifu mara ya pili aghalabu husahau kuitaja.

Waliobaki na timu katika aibu hiyo walikuwa wale wasio na hisa. Tarehe 25 Novemba 2007 watu wapatao 60,000 walikwenda katika kiwanja cha Fonte Nova kutazama mchezo wa daraja la tatu na Vila Nova. Mchezo ulikwisha bila bao, na sare hiyo ilitosha kuipandisha timu. Kabla ya furaha kutulia, sehemu ya jukwaa la juu ilimomonyoka, na watu saba wakafa. Kiwanja kilikuwa mali ya serikali ya jimbo. Kilibomolewa mwaka 2010, na kipya kikafunguliwa mwaka 2013. Anayetaka kujua mwenye Bahia ni nani na aitazame hesabu ya siku ile. Hapana tajiri awezaye kuonyesha malipo yanayolingana na yale.

Katika mwaka 2013 watu hao walidai chao. Timu ilifungwa na Vitória, mshindani wake wa mji mmoja, mabao 5 kwa 1 siku ya kufungua kiwanja kipya, na baada ya wiki chache tena 7 kwa 3. Hasira ya kufungwa iligeuka kuwa swali la utawala. Mahakama ilimwondoa rais. Mkutano wa wanachama ulipitisha katiba mpya mwezi wa Agosti. Na Septemba wanachama walimchagua rais kwa kura zao wenyewe. Maelfu ya watu walijiandikisha. Mtu wa kawaida wa Salvador, mji uliojengwa kwa jasho la watumwa waliotolewa Afrika, alipata kauli katika jambo alilolipenda.

Kauli hiyo haikupotea bure. Novemba 2018 wachezaji wa Bahia waliingia uwanjani na majina ya mashujaa weusi wa Brazil migongoni mwao. Oktoba 2019, mafuta machafu yalipochafua pwani ya kaskazini-mashariki, walivaa mashati yenye madoa ya mafuta, wakauliza mbele ya taifa zima nani atawajibika. Mambo hayo hayafungi mabao, ni kweli. Lakini yalionyesha kuwa chama kinachotawalwa na watu wake kina mengi ya kusema kuliko matangazo ya biashara.

Watetezi wa mauzo wana hoja tatu, na haki ni kuzijibu zote. Ya kwanza ni deni. Husema kuwa dawa ya deni ni kulipa, na chama hakikuwa na cha kulipia. Ni kweli kuwa madeni yalikuwa mazito, na utawala wa kura haukukosa makosa yake: mwaka 2021 timu iliteremka tena daraja la pili. Lakini mzigo mkubwa ulirithiwa kutoka siku za mabwana, na ugonjwa wa korona ulifunga milango ya viwanja mwaka 2020. Juu ya hayo kuna mgawanyo wa fedha za televisheni. Umoja wa vyama vikubwa ulioundwa mwaka 1987, ambao Bahia kilikuwa mwanzilishi wa pekee kutoka kaskazini-mashariki, ulivunjika mwaka 2011. Kila chama kikajadili bei yake peke yake, na vya Rio de Janeiro na São Paulo vikajikatia mafungu yaliyovipita vingine kwa mbali. Maskini akafanywa maskini zaidi, kisha akaambiwa kuwa umaskini wake ni ushahidi kuwa hajui kujitawala.

Hoja ya pili ni mafanikio. Mnunuzi aliahidi reais bilioni moja kwa wachezaji, madeni na gharama nyingine, na matunda yameonekana: mwaka 2025 Bahia kilirudi katika Libertadores baada ya miaka 36, na kikatwaa Kombe la Kaskazini-mashariki. Hapana haja ya kuyakana hayo. Lakini vikombe viwili vikubwa vya taifa vilikuwa kabatini kabla mnunuzi hajafika. Flamengo, chama kilicho bado mikononi mwa wanachama wake, kilishinda Libertadores mwaka 2019 na mwaka 2022. Fedha ndiyo iliyokosekana Salvador. Haki ya wanachama haikuwa kizuizi cha ushindi hapo wala Rio de Janeiro. Tofauti ya miji hiyo miwili ilikuwa katika mafungu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote: wanachama wenyewe waliuza, kwa kura halali, na walioridhia walikuwa wengi mno. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Walakini kura ya kumchagua rais hurudi baada ya miaka mitatu. Kura ya kuuza hairudi. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwezi wa Desemba 2022 atakapokuwa mtu mzima atakuta jambo lilikwisha amuliwa. Kizazi kimoja kina haki ya kutumia kura yake, lakini hakina haki ya kuila kura ya kizazi kijacho. Tena aliyesongwa na deni hachagui kwa uhuru wote. Huchagua kati ya kuuza na kuzama.

Sheria ya Brazil ya mwaka 2021, iliyofungua mlango wa mauzo ya namna hii, imewaachia wanachama ulinzi huu: bila ridhaa yao haliwezi kubadilishwa jina, nembo, wimbo, rangi, wala mji wa chama. Hiyo ni haki ya kulinda shati, si haki ya kusema nani atalivaa, kwa nini, na kwa bei gani mlangoni. Ujerumani ilipofungua mpira wake kwa makampuni, katika mwaka ule ule wa 1998 ambao Bahia kiliingia ubia na benki, iliweka kanuni kuwa kwa kawaida wingi wa kura ubaki kwa wanachama. Matajiri hawakuikimbia Ujerumani. Kinachohitajiwa Brazil ni kanuni ya jinsi hiyo, pamoja na mgawanyo wa haki wa fedha za televisheni, ili chama cha kaskazini-mashariki kisilazimike kuuza sauti yake kwa sababu ya njaa.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kampuni yenye timu nyingi duniani inaweza kuipenda Bahia leo na kuiona hasara kesho, kwa kuwa timu hiyo ni moja katika nyingi zake. Watu wa Salvador wana Bahia moja tu. Wangali na sehemu kumi katika mia, wangali na mkutano wao, na wangali na kumbukumbu ya mwaka 2013. Na wadai kila mwaka kuonyeshwa hesabu, na waidai sheria mpya, na wajiandikishe kwa maelfu kama walivyofanya mwaka ule. Vyama jirani vinavyoyatazama madeni yao na kumngoja mnunuzi na vijifunze mapema: deni la mabwana hulipwa na mabwana, na haki ya wanachama si fedha ya kulilipia.