Jumla Sahihi, Bahasha Zenye Makosa

Leo tunaleta habari ambayo si rahisi kuisimulia, kwa kuwa kosa lililomo ni letu sisi wenyewe. Tumeona ni bora tuisimulie, maana misikiti mingi, madrasa nyingi na hata vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa sasa vinaweka hesabu zao katika kompyuta, na lililotupata sisi laweza kumpata yeyote.

Kamati yetu ya msikiti ina orodha ya familia zenye mayatima. Kila mwaka, katika kumi la mwisho la Ramadhani, familia hizo hupelekewa bahasha. Kila familia hupewa shilingi 20,000, kisha huongezwa shilingi 15,000 kwa kila mtoto. Orodha hiyo tumeiweka kwa miaka kadhaa katika programu ya lahajedwali, yaani yale majedwali ya kompyuta yanayojumlisha yenyewe. Desturi yetu ilikuwa kuipanga kwa mtaa, na ndani ya kila mtaa kwa jina, ili wagawaji wapite nyumba kwa nyumba bila ya kurudi nyuma. Programu ilikuwa ikifanya kazi hiyo kwa amri moja.

Usiku mmoja kompyuta iliunganishwa na intaneti ya simu, programu ikajipandisha yenyewe hadi toleo jipya. Asubuhi sura yake ilikuwa nzuri zaidi, lakini ile amri ya kupanga kwa mtaa na jina kwa pamoja haikuwapo tena. Sasa iliwezekana kupanga kwa kitu kimoja tu. Kijana wetu anayetusaidia, Mungu amlipe kheri, alitafuta njia ya mkato. Aliipanga orodha yote kwa mtaa, kisha katika kila mtaa akayachagua majina peke yake na kuyapanga kwa alfabeti. Programu ikamuuliza swali, naye akalijibu kwa haraka. Majina yakahama, lakini idadi ya watoto na kiasi cha fedha vikabaki pale pale vilipokuwa.

Sisi tuliokabidhiwa uandishi wa kamati tukaipitia kazi ile. Tukatazama jumla chini ya ukurasa: ilikuwa ile ile tuliyoidhinisha kikaoni. Tukatia saini. Hatukukumbuka kwamba fedha zikibadilishana majina bila ya kuongezeka wala kupungua, jumla haibadiliki hata kwa shilingi moja.

Aliyegundua ni mzee wetu mhazini, ambaye hadi leo anaandika kila kitu katika daftari la kaunta kwa kalamu ya wino. Alikuwa akikagua bahasha baada ya Alasiri, akaiinua moja na kuiweka kando. Akatuita.

"Mwanangu, mama huyu ana watoto sita. Hapa imeandikwa 35,000. Hao watano wengine kompyuta yako imewapeleka wapi?"

Tulipolinganisha orodha yote na daftari lake, tulikuta mitaa yote imechanganyika. Ugawaji ulisimamishwa mara moja, lakini bahasha tatu zilikuwa zimekwisha kutoka. Nyumba ya kwanza ilistahiki 65,000 na ikapata 35,000. Ya pili ilistahiki 50,000, nayo ikapata 35,000. Ya tatu ilistahiki 35,000 na ikapata 65,000.

Jioni ile baada ya kufuturu tulikaa kikao kifupi. Palikuwa na rai kwamba jambo limalizwe kimya kimya, ili watu wasije wakasema kamati inakula mali ya yatima. Rai hiyo haikupita. Chuoni tulisomeshwa kwamba mwenye kuwekewa amana hatozwi kilichopotea mikononi mwake, ila akiwa amefanya uzembe au amevuka mipaka. Kutia saini orodha kwa kutazama jumla tu ni uzembe. Basi tulikwenda katika nyumba mbili za kwanza, tukaomba radhi na kukamilisha haki yao kutoka katika mfuko. Nyumba ya tatu hatukuidai kitu. Ile 30,000 iliyozidi tuliilipa sisi wenyewe, si mfuko wa mayatima. Ijumaa iliyofuata tukalitangaza jambo lote baada ya Swala.

Baadhi ya waumini walituuliza: kwa nini kampuni iondoe kitu ambacho watu wanakitumia? Swali hili lina jibu, na tukio letu si la kwanza. Mwaka 2008 toleo la Excel kwa kompyuta za Mac lilitoka bila ya VBA, lugha ambayo watu walikuwa wakiitumia kuandika makro, yaani amri za kuifanyisha kompyuta kazi zinazojirudia. Watu walioandika amri hizo kwa miaka wakajikuta haziendeshi tena, na uwezo huo ulirudi katika toleo la 2011. Mwaka 2013 kampuni ya Apple iliiandika upya programu yake ya Numbers ili ifanane katika kompyuta, simu na intaneti. Miongoni mwa vilivyokosekana ni kupanga kwa safu zaidi ya moja, na vichwa vya kurasa wakati wa kuchapa. Watumiaji wakalalamika, na kampuni ikaahidi kurudisha mengi ndani ya miezi sita. Jambo moja liliwasaidia wengi: toleo la zamani halikufutwa, lilibaki ndani ya kompyuta pembeni ya jipya.

Katika mifano hiyo msomaji ataona kwamba mtengenezaji huenda hana nia mbaya. Anapoijenga nyumba upya, huanza na vyumba vinavyotumiwa na wengi, na chumba unachokitumia wewe huenda kikaachwa. Hesabu ni yetu, lakini programu si yetu. Tumeruhusiwa kuitumia tu. Kwa hiyo hatuwezi kuifanya amana ya watu itegemee kitufe ambacho mwenyewe anaweza kukiondoa usiku tumelala. Wazee walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kamati imejiwekea utaratibu ufuatao, na tunawausia wenzetu.

Kwanza, programu isijipandishe yenyewe. Katika mipangilio yake mara nyingi pana mahali pa kuizuia au kuiahirisha. Masasisho ya usalama hayafai kupuuzwa, lakini kupanda toleo jipya katikati ya Ramadhani, au siku moja kabla ya mkutano mkuu, ni kujitafutia taabu. Tufanye hivyo wakati hakuna kazi ya haraka.

Pili, kabla ya kupanda, tutoe nakala tatu za kazi yetu: moja katika muundo wa programu yenyewe, moja katika muundo wa CSV, ambao ni maandishi matupu yanayosomeka na takriban kila programu ya majedwali, na moja ya karatasi. CSV haihifadhi rangi wala fomula, lakini majina na tarakimu hubaki. Nakala ya kompyuta ikae pia katika flashi nje ya kompyuta hiyo.

Tatu, toleo jipya lijaribiwe kwa nakala, si kwa orodha yenyewe. Tuandike mapema mambo matano au sita ambayo hatuwezi kufanya kazi bila hayo: kupanga, kujumlisha, kuchapa na mengineyo. Tuyajaribu moja moja. Likikosekana la lazima, turudi toleo la zamani iwapo linapatikana, au tuhamie programu nyingine tukiwa bado na nafasi.

Nne, uwezo ukiondolewa, tutafute njia ndani ya jedwali lenyewe. Sisi tumeongeza safu mpya inayounganisha mtaa na jina kuwa neno moja, kwa mfano "Kisimani-Amina". Sasa tunalipanga jedwali lote kwa safu hiyo moja, na matokeo ni yale yale ya zamani. La muhimu ni kwamba lipangwe jedwali zima, kamwe isichaguliwe safu ya majina peke yake.

Tano, kila familia imepewa namba ya kudumu, na namba hiyo imo pia katika daftari la mhazini. Kabla ya bahasha kutoka, mtu ambaye hakuiandaa orodha huchagua familia kumi popote katika kurasa na kuzilinganisha na daftari: namba, jina, watoto na fedha. Ikitofautiana moja, zinakaguliwa zote. Jumla tunaitazama bado, lakini haitutoshi.

Yule kijana alitaka kuacha kutusaidia kwa aibu. Mzee mhazini alimkatalia, akamwambia, "Mjukuu wangu, ukiondoka nani atanisomea hiyo kompyuta?" Sasa wanakaa pamoja kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, mmoja na daftari, mmoja na kompyuta, wakisomeana namba kwa sauti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na madaftari mawili, na bado mali ilipotea, kwa kuwa hatukuyakutanisha. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosea, na atuwezeshe kuzifikisha amana kwa wenyewe. Aamin.

Wabillahi tawfiq.