Mtafsiri Aliyeshika Gitaa

Katika masomo ya tafsiri tunafundishwa kwamba mtafsiri bora ni yule asiyeonekana. Mimi sikubali, na shahidi wangu anatoka mbali: Juhani Leskinen wa Ufini, ambaye watu wa kwao walimwita Juice. Alizaliwa mwaka 1950 huko Juankoski, katika jimbo la Savo, na akafariki Tampere mwaka 2006. Wafini wanamkumbuka kama mwimbaji wa roki. Lakini alifika Tampere kusoma Kiingereza, katika chuo cha lugha kilichofundisha watafsiri. Alikuwa mwenzetu, basi.

Ili kuelewa alichokifanya, lazima tuanze na fonolojia. Roki iliingia Ufini kwa Kiingereza, na wengi waliona kwamba ndiyo lugha yake ya haki. Mwaka 1974 kundi la Hurriganes liliuza kwa wingi sana albamu yake Roadrunner, iliyoimbwa kwa Kiingereza ambacho mimi nakisikia zaidi kama mlio kuliko maana. Kudharau lugha ya mama si maelezo ya kutosha hapa. Kifini kweli ni kigumu kwa ngoma hiyo. Mkazo wake huangukia silabi ya kwanza ya neno, daima, wakati sisi katika Kiswahili tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nomino zake zina hali kumi na tano hivi, kila moja na kiambishi chake mwishoni, kwa hiyo maneno hurefuka. Kibaya zaidi kwa mwimbaji, urefu wa sauti hubadili maana: tuli ni moto, tuuli ni upepo, tulli ni ushuru wa forodha. Mwimbaji wa Kiingereza akikosa silabi, huvuta irabu mpaka mpigo umalizike, na hakuna anayelalamika. Mfini akivuta ovyo, amezima moto na kuleta upepo.

Kwa hiyo anayetunga roki kwa Kifini hawezi kuchukua muziki uliokwisha kukatwa kwa kipimo cha lugha nyingine na kumwaga maneno ndani. Anatafuta neno ambalo kichwa chake kinakutana na mpigo mzito, na irabu ndefu inayoangukia noti ndefu. Na bado linapaswa kuwa neno ambalo mtu angelisema sokoni. Hiyo ni kazi ya mtafsiri, hata kama hakuna matini ya asili mezani. Leskinen aliifanya kwa raha iliyozidi kiasi, kwa michezo ya maneno na mizaha, mingine ya aibu kabisa (jina la kundi lake la kwanza, Coitus Int, sitalifasiri hapa, walimu wa Kilatini wapo). Wafini wana msemo kwamba Msavo akifungua kinywa, wajibu wa kuelewa unamhamia msikilizaji.

Albamu ya kwanza ya kundi hilo ilitoka mwaka 1973 kwa Love Records, kampuni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1966 na vijana watatu, Atte Blom, Christian Schwindt na Otto Donner. Haikuwa tawi la kampuni kubwa ya kigeni. Ilitoa jazi, nyimbo za siasa, na hao hao Hurriganes, kisha ikafilisika mwaka 1979. Bila nyumba ya namna hiyo, isiyomwuliza kila mtu faida kwanza, sidhani kijana wa chuo cha lugha angesikilizwa mapema vile. Mwaka 1975 akachapisha kitabu cha mashairi, Sonetteja laumalle, yaani soneti kwa ajili ya kundi. Mwanaroki anaandika soneti! Wanaotenganisha fasihi na nyimbo za baa wajieleze. Sisemi alikuwa mtakatifu. Pombe ilikuwamo katika maisha yake na katika nyimbo zake, na alikufa akiwa na miaka 56 tu.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa kushindwa. Mwaka 1982, kwenye mashindano ya Eurovision huko Harrogate, Uingereza, Ufini iliwakilishwa na mwimbaji Kojo kwa wimbo Nuku pommiin, maneno ya Leskinen. Kanuni ya wakati ule ilimlazimu kila mmoja kuimba kwa lugha ya nchi yake. Nuku ni "lala", pommiin ni "ndani ya bomu". Pamoja, katika maongezi ya kila siku, maana yake ni kupitiwa na usingizi mpaka saa ikuache. Wimbo unahusu silaha za nyuklia. Onyo zima limefungwa katika nahau moja, na nahau hiyo haivuki mpaka. Ufini ikapata sifuri. Mwaka huo huo alishinda Nicole wa Ujerumani kwa wimbo wa amani, ambao baada ya ushindi aliurudia papo hapo kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kiholanzi.

Wengine watasema sifuri ile ni hukumu: andika kinachotafsirika. Mimi nasoma kinyume. Nahau ile iliandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa nayo mdomoni, na sisi wa nchi hii tusijifanye wageni wa jambo hilo. Mwaka 1952, huko Jadotville, Likasi ya leo, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda akiimba kwa Kiswahili na gitaa lake, na Kiswahili hakikulalamika. Lakini katika tafsiri zetu za darasani, Kiswahili chetu kinatembea nyuma ya Kifaransa kama mtoto aliyeshikwa mkono, sentensi kwa sentensi, koma kwa koma.

Ombi langu kwa walimu ni dogo: zoezi moja kwa mwaka, wimbo mmoja wa kigeni, utafsiriwe ili uimbike kwa Kiswahili cha mtaani kwetu. Alama zitolewe wimbo ukiwa unaimbwa, na mwenye gitaa aje nalo.