Salfa Inafika, Krimu Haifiki

JICHO LA KUSINI
Na Fadhili Chilumba

Serikali hutia ruzuku, chama cha msingi hugawa, wakulima wa Chidya, huku Masasi, hulalamika kwamba imechelewa, lakini mwisho wa yote mkorosho hupata salfa yake dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Mtoto mwenye ualbino katika nyumba ya mkulima huyohuyo husubiri mfadhili ndipo apate krimu ya jua.

Kiini cha baadhi ya krimu hizo ni oksidi ya zinki, unga mweupe uleule ulio ndani ya kalamaini tunayopaka upele. Hukaa juu ya ngozi na kuzuia miale ya urujuanimno, A na B, wala haiharibiki juani upesi kama avobenzoni, kiambato cha krimu nyingine. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipopitia viambato 16 vya krimu za jua, ilipendekeza viwili tu vitambuliwe kuwa salama na vyenye kufaa: oksidi ya zinki na dioksidi ya titani. Wanunuzi wa mijini hulalamikia weupe unaobaki usoni. Asiye na melanini ya kutosha kukinga ngozi ana makubwa zaidi ya kuwazia.

Masasi iko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta. Katika nusu ya pili ya Oktoba jua la mchana hutukalia utosini, na ndipo korosho zinapoanguka. Kuokota kuna kivuli cha mkorosho, kuanika hakuna.

Nitaambiwa kofia pana na mikono mirefu ni rahisi zaidi. Kweli, na vitangulie. Lakini uso na viganja hubaki nje, na krimu hurudiwa kila baada ya saa mbili, kwa hiyo kichupa cha msaada hakifiki mbali.

Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu ya Kilisun, kupitia mradi ulioanzishwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto. Kenya imekuwa ikigawa krimu kwa fedha za umma. Halmashauri yetu nayo iiweke kwenye oda za zahanati, ifike kabla ya Oktoba, na vyama vya msingi vichangie kutoka kwenye makato ya kila kilo.

Ila majina ya wapokeaji yakae kwa mganga wa zahanati, yasibandikwe ubaoni kama ya salfa. Watu wenye ualbino wamewindwa katika nchi hii.